Maskani ya Mungu kwa Jirani Zetu Wakristo

Ukurasa huu leo nauanza kwa kukiri kosa, na atakayenicheka na anicheke, kwani mimi mwenyewe nilitangulia kucheka.

Ilikuwa mwaka jana, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Tulikuwa tumeketi barazani baada ya swala ya alasiri, vikombe vya kahawa mkononi, kama ilivyo ada ya mtaa wetu hapa Mombasa. Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa akikaa mzee mmoja Mtaita, Mkatoliki wa Bura, aliyefanya kazi bandarini zaidi ya miaka thelathini mpaka akastaafu. Na siku zile alikuwa hawezi, yu kitandani mwezi wa nne. Mara ikaja pikipiki. Akateremka padre, shingoni ametundika kifuko kidogo cha ngozi, na mkono mmoja amekikumbatia kifuani. Akatuinamishia kichwa asiseme neno, akapita, akaingia kwa mgonjwa. Hapo kijana mmoja wetu akanena, "Haya tazamani, leo Mungu wa Wakristo yuwaja kwa bodaboda!" Baraza zima likaangua kicheko. Nami, mtu wa miaka hamsini na kitu, niliyehitimu chuoni nikiwa na miaka kumi na miwili, niliyetunga kaswida ambazo watoto huziimba kwenye Maulidi, nilicheka pamoja nao. Dirisha la mgonjwa lilikuwa wazi.

Siku ya pili yake nikaenda kumtazama. Nikapiga hodi, mkewe akanikaribisha, nikaketi kwenye kiti kando ya kitanda.

"Karibu, Maalim," akasema mgonjwa. Aliniita hivyo siku zote, ingawa sijapata kusomesha hata siku moja. Nadhani ni kwa ajili ya kanzu. "Jana mlikuwa mkicheka nini hapo nje?"

"Habari za mpira tu, bwana," nikamjibu.

Akanitazama kitambo, kisha akayaacha hayo. "Jana nilikuwa na mgeni."

"Nilimwona padre."

"Padre ni mchukuzi. Mgeni ni yule aliyechukuliwa."

Nikamwuliza, si kwa kejeli tena bali kwa kutaka kujua, "Yaani mwaamini kwamba Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi, aenea ndani ya kile kikebe?"

Akacheka kwa taabu, akashika ubavu. "Maalim, waniuliza kama mtu wa bandarini, kwamba shehena hii itaenea meli hii ama haitaenea. Hesabu hiyo siijui. Nijualo ni kwamba mimi siwezi tena kwenda kanisani, basi kaja Yeye."

Maneno hayo yamenikaa. Sikuyaamini kwa maana aliyoyaamini yeye, wala leo siyaamini, na hilo nitalieleza mbele. Lakini nilitoka mle chumbani na haya usoni, kwa kuwa nilikuwa nimekicheka kitu nisichokijua. Basi nikaanza kusoma na kuuliza. Haya nitakayoyaandika ni yale niliyoyapata, na rai yangu juu yake.

Barazani kwetu husemwa kwamba Wakristo wamemfungia Mungu kanisani, na sisi tunamwabudu Mungu asiye na mahali. Neno hilo ni jepesi mno kutamkwa, na mwenye kulitamka aghalabu hajajiuliza yeye mwenyewe anaiitaje Al-Kaaba. Twaiita Baitullahi, Nyumba ya Mungu. Na msikiti wa mtaa nao twauita nyumba ya Mungu, tena huku tukimkaripia mtoto anayekimbia ndani yake. Je, yuko Mwislamu mwenye akili timamu anayedhani Mwenyezi Mungu anakaa mle ndani ya kuta nne za Makka? Hasha. Sayyidna Umar mwenyewe alilibusu lile Jiwe Jeusi huku akisema kwamba alijua ni jiwe tu, lisilodhuru wala lisilonufaisha, na lau asingalimwona Mtume akilibusu, naye asingalilibusu. Miaka mingi iliyopita Mkristo mmoja niliyefanya naye kazi ya gazeti aliniambia kwamba sisi tunaabudu jiwe. Nilikasirika nisiseme naye siku tatu. Sasa ikiwa sisi twataka watu waelewe tunachokusudia tunaposema Nyumba ya Mungu, je, na wao wasidai haki hiyohiyo?

Nilianza kwenye asili yao, ambayo kwa sehemu kubwa ni asili yetu pia. Taurati yaeleza hema ambalo Nabii Musa aliamrishwa alitengeneze jangwani, urefu wake dhiraa 30 na upana wake dhiraa 10, lenye kubomolewa na kubebwa kila kabila la Israili lilipohama. Ndani yake, katika chumba cha mwisho, liliwekwa sanduku la agano. Sanduku hilo ndilo Tabuti tunayoisoma katika Suratul Baqara, na kila aliyepita chuoni ajua kwamba Qurani yataja kuwa ndani ya Tabuti hiyo mlikuwa na sakina kutoka kwa Mola.

Hapa mtunzi wa mashairi hawezi kupita asisimame. Hema lile kwa Kiebrania huitwa mishkani. Sisi kwetu twasema maskani, na asiyelijua neno hili katika mwambao huu nani? Vijana wakikusanyika penye kona ya njia wapaita maskani. Mshairi wa zamani akisema mtu amesakini mahali, ataka kusema amekaa, ametua. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja, na mzizi ni huohuo: kukaa, kutulia. Mayahudi baadaye, katika vitabu vya wanavyuoni wao, wakauita uwepo wa Mungu kati ya watu Shekina. Na mabinti wangapi hapa Pwani wanaitwa Sakina! Sisemi kwamba maneno haya yana maana moja. Sakina kwetu ni utulivu unaoteremshwa moyoni, na Shekina kwao ni Mungu mwenyewe kuwa karibu. Nasema tu kwamba mtu akisikia jirani yake anazungumza juu ya maskani ya Mungu, asidhani anasikia lugha ya watu wa mwezini.

Kisha akaja Nabii Suleiman akajenga hekalu la mawe mjini Jerusalem, dhiraa 60 kwa 20, na kimo dhiraa 30. Na siku ya kulifungua, kwa mujibu wa Biblia yao, alisimama akaomba, na katika maombi yake akakiri kwamba hata mbingu zote hazimtoshi Mungu, seuze nyumba aliyoijenga yeye. Angalia basi: aliyeijenga ndiye wa kwanza kukana kwamba Mungu amefungiwa mle. Hekalu hilo likabomolewa na watu wa Babeli mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Likajengwa la pili. Mwaka 63 kabla ya kuzaliwa Isa, jemadari wa Kirumi, Pompey, aliingia kwa nguvu mpaka chumba cha ndani kabisa, mahali ambapo kuhani mkuu pekee huingia, tena mara moja kwa mwaka. Mrumi yule alizoea mahekalu yenye masanamu. Hakukuta sanamu lolote. Mwaka 70 baada ya kuzaliwa Isa, Warumi wakaja wakalichoma hekalu lote.

Hayo ni ya Mayahudi. Wakristo walifanya nini na urithi huo?

Hapa ndipo njia inapogawanyika, nami sitaki kulifunika jambo kwa kitambaa cha hariri. Injili ya Yohana, katika mlango wake wa kwanza, yasema kwamba Neno la Mungu lilifanyika mwili. Neno la Kiyunani analotumia mwandishi kueleza kukaa kwake kati ya watu ni la kupiga hema, na kwa sadfa tu herufi zake nazo ni s, k, n, ijapokuwa Kiyunani si ndugu wa Kiebrania. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyokamilika 1952 wakachagua kitenzi "kukaa". Sijui kama walikusudia, ila walichagua vyema, kwani kwetu mtu hukaa nyumbani kwake maisha yake yote, na msafiri naye hukaa siku tatu kisha akaondoka. Kwa imani yao, basi, lile hema la Musa lilikuwa ishara, na mwenyewe hema ni mtu: Isa bin Maryamu. Ndiyo maana mmoja wa majina wanayompa ni Emanueli, yaani Mungu yu pamoja nasi.

Sisi hilo hatulikubali. Mtoto wa chuo, kabla ya kujua kufunga vifungo vyake vya shati, amekwisha kuhifadhi Suratul Ikhlas, na sura hiyo ina aya nne tu, lakini inatosha kuufunga mlango huo. Isa kwetu ni mtume mtukufu na ni neno lililotoka kwa Mola, si Mola. Nilimwambia jirani yangu hivyo, na yeye alijua kabla sijamwambia. Hakuna kati yetu aliyejaribu kujenga daraja la makuti juu ya bahari hiyo. Nami nawaonea tashwishi wale wanaokuja na maneno ya asali kwamba dini zote ni moja. Si moja. Tungekuwa tunasema jambo moja, kusingekuwa na haja ya kuheshimiana, ingetosha kujipenda.

Lakini tuendelee, maana swali letu ni pale alipo Mungu kati ya watu kwa imani yao, baada ya huyo Isa kuondoka. Nao hapo hawakukubaliana wenyewe kwa wenyewe.

Wakatoliki, kama jirani yangu, wasema yupo kwa namna ya pekee katika mkate uliowekwa wakfu, wanaouita Ekaristi. Katika kila kanisa lao mna kijisanduku, na karibu yake taa isiyozimwa. Kijisanduku hicho chaitwa tabernakulo, na kwa Kilatini maana yake ni hema dogo. Tumerudi jangwani kwa Musa! Mtaguso wao wa Trento, mwaka 1551, uliliweka jambo hili kuwa itikadi isiyopingwa. Ama swali langu la kikebe, nilikuja kugundua kwamba liliulizwa zamani na kujibiwa. Mwanachuoni wao mkubwa wa karne ya 13, Thomas Aquinas, ambaye kwa njia tu niseme alisoma sana vitabu vya Ibn Sina na Ibn Rushd, alifundisha kwamba Kristo hayumo katika mkate kama kitu kilivyo mahali, kwa kupimwa urefu na upana. Yaani mzee wa bandarini, aliyesoma mpaka darasa la saba tu, alinipa jibu la Thomas Aquinas bila ya kumjua. Na mkate ule anaopelekewa mtu aliye karibu na kufa huitwa kwa Kilatini viatikumu. Maana yake ni masurufu ya safari. Nilipolisoma hilo nilikifunga kitabu kwa muda.

Waprotestanti wengi hawana tabernakulo wala taa hiyo. Mama mmoja auzaye maembe sokoni, mlokole, nilipomwuliza alinijibu upesi kwa kujigonga kifuani: "Hapa ndipo anapokaa, baba. Kanisa ni matofali." Akanitajia Mtume Paulo, aliyewaandikia watu wa Korintho kiasi cha mwaka 55 kwamba wao ndio hekalu la Mungu. Nikaenda kuitafuta barua ile. Kumbe Paulo hakumwambia mtu mmoja mmoja; aliliambia kundi zima, na Kiswahili chetu, shukrani kwa viambishi vyake, kinalidhihirisha hilo, maana mfasiri hakuwa na budi kusema "ninyi". Lugha nyingine za wazungu huchanganya mmoja na wengi. Na kundi lenyewe, kwa barua hiyohiyo, lilikuwa likigombana na kushtakiana mahakamani. Hao ndio Paulo aliowaita hekalu, tena wakati hekalu la mawe la Jerusalem lingali limesimama. Sikumrudia yule mama na habari hiyo. Wateja wake walikuwa wengi.

Tena kuna jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatupendi kulizungumza. Huko Unguja, Mkunazini, limo kanisa kuu la Waanglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alifunga soko la watumwa. Limejengwa juu ya soko hilohilo. Husimuliwa kwamba madhabahu yake yamewekwa pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Askofu Steere, aliyelisimamia jengo na ambaye pia aliandika sarufi ya Kiswahili, amezikwa nyuma ya madhabahu hayo. Mtu aweza kusema, na wengi wetu husema, kwamba ilikuwa hila ya wamishenari, na kwamba Uingereza nayo ilikuwa imeshiba biashara hiyo kabla ya kuikataza. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini fikirini walichotaka kukisema kwa kulichagua eneo hilo: kwamba pa kumtafuta Mungu ni pale binadamu alipochapwa. Na miongoni mwa waliouza na kununua pale walikuwamo babu zetu, waliokuwa wakisikia adhana mara tano kwa siku. Mimi siwezi kulipita jengo lile nikacheka.

Na msidhani kwamba hilo ni geni kwetu. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, Isa anaeleza Siku ya Hukumu, ambapo mfalme atawaambia watu kwamba alikuwa na njaa, alikuwa mgonjwa, alikuwa kifungoni, nao hawakumjia; watauliza ni lini, na atawaambia kwamba walipomwacha mdogo kabisa, walimwacha yeye. Basi fungueni Sahihi ya Muslim, mtafute hadithi qudsi ya mgonjwa. Mwenyezi Mungu atamwuliza mja Siku ya Kiyama kwa nini hakuja kumtazama alipokuwa mgonjwa. Mja atasema, vipi nikutazame nawe ni Mola wa walimwengu? Naye atajibiwa kwamba fulani mja wake alikuwa mgonjwa, na lau angekwenda kumtazama, angemkuta Mungu kwake. Wanavyuoni wetu wamefafanua kwamba haimaanishi Mungu kukaa ndani ya mgonjwa, bali rehema zake na thawabu zake. Sawa, nakubali. Ila hadithi ni hiyo, nami niliihifadhi tangu nikiwa kijana, na nilikuwa nimeketi hatua ishirini kutoka kwenye mlango wa mgonjwa kwa miezi minne, nikinywa kahawa.

Nasema haya kwa sababu ya mambo ninayoyasikia masokoni na penye vituo vya matatu, ambapo vipaza sauti vya huku na vya kule vinashindana kutukanana imani. Huyu asema wale wamekula Mungu wao, yule asema hawa wanazunguka jumba tupu. Kwa maoni yangu hakuna kati yao aliyefungua kitabu cha mwenzake ila kutafuta pa kuchoma kisu. Mwenye kutaka kujadiliana na Wakristo juu ya Isa na ajadiliane nao hapo penye kiini, kwa dalili na kwa adabu, kama wanavyuoni wetu wa zamani walivyofanya. Kuwadhihaki kwamba wamemfungia Mungu kisandukuni ni kuwapiga pasipokuwa na mtu.

Fauka ya hayo, yafaa tujitazame. Mwaka 1542 Francis Xavier, padre aliyekuwa akielekea Goa, alitua Malindi. Katika barua yake aliandika kwamba Mwislamu mmoja wa heshima wa mji ule alimwuliza kama Wakristo huko kwao walikuwa bado wakijaa makanisani, kisha akamlalamikia kwamba Malindi palikuwa na misikiti 17, na mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikisaliwa, tena na watu wachache. Najua barua ni ya padre, na padre alikuwa na lake. Hata hivyo sauti ya mzee yule wa Malindi naisikia kama ya mtu nimjuaye. Siku hizi misikiti yetu ina marumaru na viyoyozi, nami nafurahi, maana joto la Mombasa mwalijua. Nauliza tu, hesabu ya Malindi tungeifanya leo saa ya alfajiri, tungepata ngapi?

Niliporudi kwa jirani mara ya tatu nilimpelekea dafu. Alikuwa amelala, pumzi zimekuwa fupi. Nilikuwa nimeazimia kumwambia kweli, kwamba siku ile hatukuwa tukicheka mpira. Nikakaa mpaka magharibi ikaingia, nikaondoka kwenda kuswali, na nilipotoka msikitini nikasikia kilio. Walimchukua wakaenda kumzika kwao, Bura. Nilipanda basi la matanga pamoja na watu wa nyumbani kwake, na yule kijana wa barazani alikuja pia, bila ya kuitwa, akabeba viti.

Mjane wake bado yupo mlango wa pili. Jana jioni alimtuma mjukuu wake kuuliza kama tuna chumvi.